Melania Hana Majirani

Jumanne, tarehe 9 Novemba 2094. Asubuhi ukungu ulilala juu ya Njombe mpaka saa nne. Nilisikia kengele ya parokia lakini kanisa lenyewe sikuliona, na manyunyu mepesi yalining'inia hewani kana kwamba yamesahau kuanguka.

Nilikuwa nimepiga magoti tangu alfajiri. Nilishawaombea wanangu, marehemu mume wangu, wagonjwa wa mtaa wetu na mvua. Kisha midomo yangu ikasema yenyewe, "Na Melania, Bwana, usimwache." Nikafumbua macho. Melania hakuzaliwa na mwanamke yeyote. Nilimwandika mimi, kwa kalamu, katika daftari la kurasa themanini, darasani kwa Mwalimu Nyagawa, Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni.

Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja, na mdogo kuliko wote alikuwa na miaka arobaini na saba. Mimi nilikuwa na sitini na miwili. Miaka thelathini nilifanya kazi katika kitalu cha misindano, nikichambua miche kwa vidole, na kusoma nilijua kiasi cha kufuata kitabu cha nyimbo tu. Nilianza darasa la watu wazima nikiwa tayari bibi. Mwalimu angeweza kuwa mwanangu wa mwisho.

Katikati ya darasa kilikaa Chungu. Kilikuwa na jina refu la kiserikali, lakini sisi tulikiita hivyo kwa ajili ya umbo lake. Ndani yake mna maji, na ndani ya maji mna chembe laini kuliko unga wa ulezi. Unasoma kurasa zako kwa sauti. Chungu kinapata moto, mvuke unapanda, na chembe zinaanza kushikana kwa kufuata ulichoandika: hofu hii inashika tabia ile, tabia ile inashika kumbukumbu fulani ya utotoni. Zikishikana vizuri, mtu anasimama mbele yako. Anakuona na anakujibu. Ukiwa umeandika maneno matupu, chembe hukosa pa kushika, na unabaki na umbo jepesi kama pazia.

Jioni hiyo alianza kusoma mzee Ansgari Chaula, dereva mstaafu wa malori ya mbao. Mtu wake aliitwa Kapteni Jabali. Akainuka kutoka Chunguni, mabega mapana, mikono kiunoni.

"Mzee Chaula," mwalimu akasema, "huyu anaogopa nini?"

"Haogopi kitu! Huyu ni mwanamume, mwalimu."

"Anataka nini?"

"Atake nini tena? Ana nyumba Njombe, ana nyumba Makambako, ana mashine tatu za kupasua mbao."

"Basi mbona ninausoma ubao kupitia tumbo lake?"

Tukacheka sote. Kapteni naye akacheka, kwa sababu aliandikwa acheke kila mara.

"Mnataka kila mtu awe na shida," Ansgari akanung'unika. "Shida ninazo nyumbani. Hapa nimekuja kupumzika."

"Sitaki shida, mzee. Nataka kitu anachokitaka mpaka kinamnyima usingizi, na kitu kinachomzuia. Hapo atalazimika kuchagua, na akichagua ndipo tutamjua."

Zamu yangu ikafika. Nilisoma kurasa nne huku nikifuata mistari kwa kidole. Mvuke ukapanda taratibu, ukawa kitambaa cha kichwa, ukawa shingo, ukawa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini mwenye makoti mawili, moja juu ya jingine.

"Kamwene, mama," Melania akaniamkia. "Leo umechelewa."

"Kamwene. Nilikuwa na viazi motoni."

Melania alikuwa mlinzi wa mnara wa moto katika msitu wa misindano. Miaka kumi na tisa alikaa juu akitazama moshi. Nilimpa sababu. Alipokuwa msichana aliona moshi kando ya shamba akanyamaza, akidhani ni watu wanapika, na moto ule ukachukua nyumba ya babu yake na babu mwenyewe ndani. Tangu hapo kitu alichokiogopa kuliko moto ni kunyamaza kwake. Alikuwa na binti mmoja, Delfina, mgema utomvu. Waliishi wawili tu kule juu.

Katika sura ya tisa Delfina alilala kibandani upande wa magharibi, homa imemshika. Upande wa mashariki kulikuwa na kambi ya wapanda miti arobaini. Na Melania, mnarani, akaona moshi pande zote mbili kwa wakati mmoja. Mnara ulikuwa na tangi moja la kuruka na kumwaga maji juu ya moto. Tangi moja, mioto miwili.

Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. Wiki tatu sasa sikuuandika moto. Nilileta kurasa za raha: Melania anasuka mkeka, Melania anapika kande, Delfina anapona na kuimba. Na kila nilipozisoma, Melania alipungua. Jioni hiyo niliona dirisha kupitia bega lake la kushoto.

Alitazama bega lake, kisha akanitazama mimi. "Mama, ule moshi umekwenda wapi?"

Nilifunga daftari, na akarudi majini.

Mwalimu alinisubiri wenzangu walipotoka. "Mama Leokadia, umemwandikia wiki tatu za raha."

"Raha ni dhambi?"

"Si dhambi. Lakini moshi ameshauona. Mwanamke uliyemwandika hawezi kusuka mkeka huku moshi unapanda. Kila ukurasa wa namna hiyo unamwandika mtu mwingine, na Melania anakosa pa kujishikia."

"Nikiandika moto, binti yake huenda akafa."

"Huenda."

"Na nisipoandika?"

Alikuna kidevu. Hakupenda kuniambia nilichokuwa ninakijua. Alhamisi ya tarehe 25, kabla ya Majilio, Chungu kingeoshwa kwa ajili ya darasa jipya. Mtu ambaye hadithi yake imekamilika huchomwa kuwa kigae na kuwekwa maktaba ya mkoa. Msomaji yeyote akikimiminia kigae maji ya moto, mtu yule husimama tena. Ambaye hadithi yake haijakamilika humwagwa pamoja na maji.

"Akiwa kwenye kigae," nikauliza, "husimama mahali gani pa hadithi?"

"Pale ukurasa wa mwisho ulipomwacha."

"Siku zote?"

"Maadamu kuna mtu wa kummiminia maji, ndiyo mama. Siku zote."

Nilitembea nyumbani katika ukungu uliokuwa umeanza kurudi. Taa za barabarani zilikuwa na miviringo ya mwanga, nami nilipita toka mviringo hadi mviringo kama mtu anayetembea usingizini. Niliwaza juu ya Melania akiwa amesimama penye majivu ya kibanda cha binti yake, miaka na miaka, na kila atakayefungua kigae anamkuta palepale na machozi yaleyale. Na niliwaza juu ya maji yakimwagwa mferejini. Nilisali rozari nzima kabla ya kulala. Sikupata jibu, ila usingizi nilipata.

*

Jumamosi asubuhi Jumuiya ya Mtakatifu Monika ilikutana kwangu. Tulimaliza somo, tukaimba, kisha Mama Eufrasia Mwinuka, mwenyekiti wetu, akafungua mlango wa nyuma na kuanza kuingiza vitu. Debe la viazi. Maharage katika kikapu. Blanketi jipya lenye mistari. Chupa ya asali.

"Ni vya nani?" nikauliza.

"Vya yule dada yako wa mnarani. Melania. Tumeona tusiishie kusali tu. Jumatatu tunakwenda kumwona yeye na mgonjwa wake. Wewe utuelekeze njia."

Wiki tano nyuma, wakati wa nia za maombi, nilifumba macho na kusema mbele yao wote, "Tumwombee Melania, mlinzi wa mnara, na binti yake Delfina aliye na homa." Sikukusudia kudanganya. Jina lilikuwa moyoni, likatoka. Kwetu mtu akitaja jina kwenye nia, hakuna anayeuliza ni nani na anakaa wapi. Waliitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie," wakalibeba. Kisha wakafanya novena. Siku tisa. Nami nilikaa katikati yao nikiitikia, nikiona haya kusema, na kila siku iliyopita kusema kulizidi kuwa kugumu.

"Hakuna njia," nikasema.

"Barabara imekatika?"

"Hakuna mnara. Melania ni mtu wa hadithi yangu. Ni wa Chungu, kule darasani."

Bibi mmoja pembeni aliendelea kushika punje ya rozari bila kuisogeza.

"Leokadia," Eufrasia akasema polepole. "Niliacha chai siku tisa. Mimi! Chai!"

"Nisameheni."

"Kichwa kiliniuma mpaka mume wangu akataka kunipeleka hospitali. Kwa ajili ya mvuke!"

"Nisamehe, Mama Eufrasia. Nisameheni wote."

"Na yule binti?"

"Huyo hata mvuke hana. Ni maandishi tu."

"Maandishi tu! Na homa yake nimeiota!" Akakaa juu ya debe la viazi. Kwa muda alitazama blanketi, akilikunja na kulikunjua ncha. Nilidhani atanitoa jumuiya. Mwishowe akauliza kwa sauti nyingine, ya chini, "Lakini mbona ulimwombea? Kama ni wa kubuni, si ungemwandikia tu apone?"

Nikawaeleza yote: moshi wa pande mbili, tangi moja, kurasa za raha zilizompunguza, Alhamisi ya tarehe 25, kigae, na jinsi mtu anavyosimama pale ukurasa wa mwisho ulipomwacha. Walisikiliza kama wanavyosikiliza habari za mgonjwa halisi. Nilipomaliza, Eufrasia akainuka na kujikung'uta.

"Sala ilishakwenda," akasema. "Haiwezi kurudishwa kama bakuli la jirani. Jumanne tunakuja darasani. Nataka nione ilifika wapi."

*

Jumanne, tarehe 16, waliingia watano, wamefunga vitambaa vyao vya jumuiya, Eufrasia mbele. Mwalimu aliwatafutia viti. Ansgari akawaambia waangalie wasimkanyage Kapteni Jabali, maana haonekani vizuri. Siku hiyo alikuwa amemwandikia Kapteni hofu moja, ya kurudi katika nyumba mbili zisizo na mtu, na Kapteni alikuwa ameacha kucheka. Ubao bado ulionekana kupitia kwake, lakini herufi zilikuwa zimefifia.

Nilisoma sura ya tisa peke yake, ile ya moshi. Melania akasimama. Alikuwa mwepesi. Upande wake wa kushoto ulikuwa ukungu mtupu, na kingo zake zilitikisika kila mtu alipopumua.

"Tumsifu Yesu Kristu," Eufrasia akamwamkia.

"Milele amina," Melania akajibu, akashangaa. "Mama, hawa ni akina nani?"

"Ni watu waliokuombea," nikasema. "Siku tisa."

Aliwatazama mmoja mmoja. Nilikuwa sijamwandika akitazamwa na watu wengi, hivyo hakujua aweke mikono wapi.

"Melania," nikamwambia, "nimekukosea. Uliona moshi nami nikakufumba macho, kwa sababu naogopa. Nikiuandika moto, huenda Delfina asitoke. Na ukienda maktaba, utasimama mwisho wa hadithi yako siku zote. Nisipouandika, wiki ijayo utamwagwa. Sijui lipi ni la huruma. Nimesali, sijui."

Chungu kililia taratibu kama birika.

"Miaka kumi na tisa umenipandisha ngazi za mnara," Melania akasema. "Umenipa macho ya kuona moshi, ukanipa babu yangu ili nisithubutu kunyamaza tena. Halafu moshi umekuja, unanipa mkeka nisuke. Mama, nilikuwa nasuka huku nanusa. Unajua hiyo ni hali gani?"

"Najua."

"Hujui. Niache nichague. Usinichagulie wewe kwa sababu unampenda Delfina. Mimi nampenda zaidi." Sauti yake ilipofika hapo ilikatika, na niliona jambo ambalo mwalimu naye aliliona: bega la kushoto lilianza kujaa. "Lakini nikishachagua, usiniache pale. Hicho ndicho ninachokiogopa. Si moto. Kusimama pale peke yangu."

"Peke yake vipi?" Eufrasia akaingilia. Aligeuka kwangu. "Huyu mwanamke hana jumuiya?"

"Hana."

"Majirani?"

"Sikuandika majirani. Wapo wawili tu, yeye na binti. Na kambi, lakini wapanda miti ni wageni, hawajuani naye."

"Kwa nini?"

Niliona haya. "Nilitaka awe mtu mwenye nguvu. Nikamwondolea watu wote ili nguvu zake zionekane."

Eufrasia alinikodolea macho. "Nani kakufundisha hivyo? Mwalimu, ni wewe?"

"Hapana, mama," mwalimu akasema haraka. Kisha akafikiri, akaongeza, "Sikumfundisha, lakini pia sikumkataza. Nilidhani ni upweke mzuri wa hadithi."

"Upweke mzuri!" Eufrasia akapiga makofi mara moja. "Leokadia, ulipofiwa na mumeo, Baba Editha, ulilala peke yako?"

"Mlilala kwangu. Wiki mbili."

"Nani alikupikia uji ulipokataa kula?"

"Wewe."

"Ulinimwagia ule uji, unakumbuka?"

"Nilikumwagia, ndiyo."

"Nami nikapika mwingine, nikakutukana kidogo, ukanywa. Wewe ulikuwa dhaifu siku ile kwa sababu nilikuwepo? Ulikuwa mtu, ukafiwa, ukaamka tena. Sasa mwenzako unampeleka penye majivu, humpi hata wa kumshika mkono, halafu unaweka nukta, unaita hiyo hadithi. Sisi hatumwachi mfiwa peke yake. Hata wa mvuke."

Machozi yalinishuka, nami sikuyafuta. Niliona kosa langu lote kwa wakati mmoja, kama bonde ukungu unapoondoka ghafla. Nilikuwa nimeshindana na swali la moto, niuandike au nisiuandike, kumbe hadithi yenyewe haikuwa na mtu wa kuja baada ya moto. Nilikuwa nimemchongea Melania dunia isiyo na mlango wa nyuma.

"Niandike mimi," Eufrasia akasema.

"Wewe?"

"Mimi. Weka nyumba yangu chini ya mnara wake, mwendo wa nusu saa. Na uniandike nilivyo, na mdomo wangu. Usinifanye mtakatifu, ubao utaonekana kupitia tumbo langu kama la yule kaka."

"Anaitwa Kapteni," Ansgari akasema kwa uchungu.

Mwalimu alitoa kitabu cha kanuni za Chungu. Mtu aliye hai huweza kuandikwa, akasoma, iwapo ameridhia kwa kinywa chake, na mwandishi ameahidi kwa sauti mbele ya mashahidi jinsi atakavyomtumia. Eufrasia aliridhia. Wale wanne wakaridhia pia, mmoja baada ya mwingine, na bibi wa rozari akaomba aandikwe akiwa na meno yote.

Melania alikuwa amesikiliza yote. Akasogea mpaka ukingo wa Chungu, karibu kiasi kwamba nilisikia joto la mvuke usoni. "Ahidi na mimi nisikie," akaniambia. "Nakujua, mama. Ukiwa peke yako unaahirisha."

Nikasimama. Nikashika mgongo wa kiti. Wanafunzi wenzangu walisimama pia, sijui kwa nini, na wanajumuiya wakasimama. Nikafanya ishara ya msalaba. Kisha nikasema, kwa sauti niliyotaka ifike mpaka ukuta wa nyuma:

"Mimi Leokadia Ngimbudzi, mbele ya Mungu, mbele ya mwalimu wangu na wenzangu, na mbele ya Jumuiya ya Mtakatifu Monika, naahidi. Nitauandika moto. Melania atachagua mwenyewe tangi liende wapi, nami nitaandika alichochagua, hata kama kitaniuma. Na kabla ya Alhamisi ya tarehe 25 nitaandika hawa watano wakipanda kile kilima, na uji, na blanketi, na Mama Eufrasia akigombana naye mpaka anywe. Nitaandika siku zote wanazolala kwake. Sitaweka nukta ya mwisho mpaka asubuhi ile atakayoamka Melania mwenyewe, afungue mlango, awaulize hao waliolala sakafuni kama wamekunywa chai."